Mwenzangu Amebaki

Tarishi hakumpakia mtu kwenye baiskeli yake. Ukikutana naye njiani kutoka mjini, jua linawaka na wewe una mzigo kichwani, alikuwa anashuka, anaupokea mzigo, anaufunga kwenye keria juu ya blanketi alilolikunja pale siku zote, kisha anatembea na wewe kwa miguu mpaka Elerai huku akiikokota baiskeli. Alipakia magunia ya mahindi, vibuyu vya maziwa, mbuzi aliyefungwa miguu, na safari moja cherehani ya mke wa mchungaji. Mtu, hapana. Nilimwona mara moja tu akiwa na mwanamke kwenye keria, mjamzito aliyeshikwa na uchungu karibu na daraja, na hata siku hiyo yeye mwenyewe hakupanda. Aliisukuma baiskeli mpaka zahanati huku machozi yanamtoka. Watu wakamsifu kwa huruma yake.

Sisi watoto tulimwona mchoyo. Mimi nilikuwa na hasira kuliko wenzangu, kwa sababu nilijihesabu kuwa na haki ya ile keria. Baba yangu alikuwa mwenzake wa safari. Waliondoka Elerai pamoja, kila mmoja na baiskeli yake, kwenda kuuona msitu mkubwa wa Kongo. Mimi wakati huo bado nilikuwa mgongoni kwa mama. Tarishi akarudi peke yake.

Jina lake halisi ninalijua, lakini sitaliandika. Kwetu Waarusha mtu akishakufa jina lake halitajwi tena. Linakwenda naye. Kama kuna mtoto wa ukoo mwenye jina hilohilo, anatafutiwa lingine, na kama jina linafanana na neno la kawaida, basi wa nyumba ile watalikwepa hata hilo neno. Walutheri walitubatiza, wakatufundisha kusoma na kushona, wakatuachisha mengi, lakini hili halikuachwa. Nilikua sijui baba yangu alikuwa anaitwa nani. Shuleni niliandikwa kwa jina la babu. Nilipomuuliza mama, aliniangalia kama nimemtukana mbele ya wageni, akaniambia nikachote maji.

Kazi ya utarishi ilimjia Tarishi kwa sababu ya safari hiyo, ingawa Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa bomani, hakuiamini. Aliporudi aliitwa bomani aeleze kwa nini alivuka mipaka ya watu. Bwana Shauri alitaka kujua walitumwa na nani, walimbebea mizigo Mzungu gani, walikuwa wanatafuta dhahabu au pembe. Tarishi akajibu kwamba hawakutumwa. Walikwenda kuona. Karani aliyekuwa anatafsiri akatazama chini, akasema maneno marefu ya Kiingereza, Bwana Shauri akaandika na kutikisa kichwa. Baadaye Tarishi alimuuliza karani amesema nini. Karani akamjibu kwamba amesema walikwenda kutafuta kazi, maana Mzungu hawezi kuandika kwamba Mwafrika amekwenda kuona. Basi wakampa kazi, wakidhani ndicho alichokuwa anakitafuta.

Akavaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikawa kavu kama ubao, soksi ndefu, na beji ya shaba kifuani. Mfuko wa ngozi begani. Alipeleka barua za boma kwa masetla wa kahawa, kwa machifu, kwa Wahindi wa mjini, mpaka kule kwa Wameru, na hakuna mvua iliyomzuia. Wakubwa aliwaamkia kwa adabu yote. Sisi wengine alikuwa na salamu yake mwenyewe: "Upepo upo?" Na lazima ujibu, "Upo." Ukijibu kwa sauti ya uvivu alikubana mkono kwa vidole viwili, kama anavyobana tairi, akasema huu umepungua, mwambie mama yako akutie uji. Umbali aliupima kwa pancha. Kimandolu haikufika hata pancha moja. Moshi ilikuwa pancha tatu, na zaidi kama miiba ya migunga imedondoka njiani. Alipoambiwa mchumba wa mtu anatoka Singida, alifikiri kidogo, akasema huyo ni mke wa tairi mpya.

Nampenda ninapomkumbuka hivyo. Hilo nalo niliseme, kwa sababu mbele nitakuwa na mengine ya kusema.

Safari yenyewe alikuwa anaisimulia Jumapili, watu wakishatoka kanisani. Uwanja wake ulikuwa na magogo ya kukalia na migomba upande wa nyuma, na mlima Meru ukionekana wote kama ukungu haujashuka. Mkewe alitoa loshoro kwenye bakuli kubwa, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, na watu walikula huku wakimngoja aanze. Hakuanza mpaka aombwe. Kila mtu aliomba kipande chake. Watoto walitaka siafu. Mchungaji alitaka misheni alizoziona. Wazee walitaka habari za ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, na kila mara walizikataa hizo pembe kwamba ni uongo.

Ilianza na mzee mmoja aliyewahi kuchukuliwa upagazi katika vita vya Mjerumani, akafika mbali huko magharibi, akarudi na habari za msitu ambao mchana wake ni wa kijani. Vijana wawili wa rika moja, waliotahiriwa pamoja, wakalishika neno hilo. Wakajipatia baiskeli mbili mbovu kwa Singasinga aliyekuwa na karakana Kaloleni, wakazifufua. Watu waliwacheka. Mama yangu hakucheka. Aliuliza mwanaume anamwachaje mtoto mchanga akaangalie miti wakati Meru yote hii imejaa miti. Baba alimjibu kwamba miti ya Meru ameshaijua.

Walipita Babati, Singida, Nzega, mpaka Mwanza. Wakavuka ziwa kwa meli, baiskeli zimefungwa pamoja na kuku. Wakapanda na kushuka vilima vya Uganda mpaka mpira wa breki ukaisha, wakawa wanafunga breki kwa visigino. Na walipoingia msituni, Tarishi alikuwa anashusha sauti, nasi tulisogea mbele.

"Huko," alisema, "mvua ikikatika mbinguni, miti inaendelea kunyesha."

Alisimulia vipepeo waliojaa kwenye matope mpaka gurudumu likipita wanapanda kama vumbi la rangi. Alisimulia watu wa msituni, wafupi kwa kimo, jinsi walivyoicheka baiskeli kwanza na kisha mmoja wao akaipanda akateremka nayo kilima bila kujua breki, akaingia mtoni, akatoka anacheka zaidi. Watu hao waliwabebea baiskeli juu ya daraja la mizabibu ya porini na hawakutaka kitu ila kupiga kengele. Alisimulia mnyama mwenye miguu ya punda milia na uso wa twiga mdogo, na hapo hata mchungaji alikohoa. Kiswahili cha kule kilitufurahisha kuliko vyote. Watu ni batu, maji ni mayi. Kwa wiki nzima baada ya kila hadithi Elerai ilijaa watoto wanaokwenda mtoni kuteka mayi.

Mipira ya ndani ilipochakaa isizibike tena, walijaza tairi majani makavu ya mgomba, wakaendelea. Alikuwa anatuonyesha namna ya kuyasokota, kwa vidole, polepole, na mimi nilijua kuyasokota kabla sijajua kusuka nywele.

Sasa nitasema jambo ambalo nililisikia miaka yote bila kulisikia. Katika hadithi hiyo alikuwa anasema tulivuka, tulilala, tulikula, tulicheka. Mwenzangu alisema hivi, mwenzangu alianguka pale. Kisha palikuwa na mahali, baada ya mto mmoja mpana wenye maji meusi, ambapo "tu" ilikuwa inageuka "ni". Nilitoka. Nilipita Beni. Nilifika mpakani. Nilirudi. Maneno yalikwenda upesi kama baiskeli inayoteremka, na kufumba na kufumbua yuko Elerai. Watu walipoisikia ile "ni" ya kwanza walianza kukung'uta nguo na kutafuta watoto wao. Hadithi imekwisha. Mama yangu, ambaye alikuwa anakaa nyuma kabisa karibu na migomba na hakukosa Jumapili hata moja, alikuwa ameshaondoka.

Siku aliyorudi sikuiona, au niliiona nisijue. Nimesimuliwa na shangazi. Aliingia Elerai akiikokota baiskeli, amekonda, nguo zimebaki nyuzi, na watu wakakusanyika nyumbani kwa babu, baba yake baba. Babu alikuwa amesimama ameshika fimbo. Akamuuliza kwa jina, yaani alilitaja jina la mwanawe, yuko wapi. Tarishi alinyamaza. Babu akauliza tena, tena kwa jina. Tarishi akasema:

"Mwenzangu amebaki."

"Nani amebaki?"

"Mwenzangu."

Babu alimpa nafasi ya tatu. Shangazi alisema alimsogelea mpaka nyuso zikakaribiana, akamwambia amtaje. Tarishi akafungua mdomo na jina halikutoka. Babu akashusha fimbo chini. Alipoishusha, wanawake wakaanza kulia, na mama akakaa chini papo hapo uwanjani na mimi mgongoni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Mtu ambaye jina lake halitajiki na rika lake mwenyewe, huyo amekufa. Hata mtoto wa kwetu anajua.

Mama alinyolewa nywele. Ulipopita muda wa kutosha wazee walikaa kikao wakamweka chini ya mdogo wake baba, na akamzalia watoto wawili, ndugu zangu ambao nawapenda. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ng'ombe, maneno machache, na alimsomesha mtoto ambaye si wake. Lakini sikumwona mama akimcheka hata siku moja, na mke wa kwetu anayempenda mumewe humcheka sana. Siku ya kikao kile rika lote la baba lilihudhuria isipokuwa Tarishi. Wengine walisema anaumwa. Wengine walisema wamemwona barabara ya Monduli, anapiga pedali kama anayefukuzwa, hana mfuko, hana barua.

Kwetu, rika la baba ni baba. Nilimwita Papa na ilikuwa haki yake kuingia nyumbani kwetu na kukaa kwenye kiti kizuri. Hakuingia. Alileta chumvi, kuni, mchele wa sikukuu, aliniletea kibao changu cha kwanza cha shule, na vyote aliviletea nje ya boma letu. Alisimama kwenye mwanya wa uzio wa miiba, akapiga kengele, akangoja mtu atoke. Mama akitoka, aliutazama mlima. Mama alipokea, akasema ashe, asante ya kwetu, akarudi ndani. Mtu huyuhuyu alishawahi kupita katikati ya tembo njia ya Babati, akaja kutucheka sisi tunaoogopa chatu. Mama yangu, mwanamke mfupi, alimtoa jasho.

Mimi nami aliniangalia na hakuniangalia. Siku nyingine alinishika kidevu akasema pua hii ya mwenzangu, kisha akakiachia kidevu kama kimemuunguza. Nilipofaulu kwenda chuo cha ualimu alifurahi kupita baba mdogo. Alizunguka nayo habari hiyo pamoja na barua za serikali, na nasikia hata setla mmoja kule Usa, njia ya Moshi, aliambiwa, akauliza huyo ni binti yako, Tarishi akasema ndiyo na siyo.

Mtu mmoja tu aliwahi kumuuliza, na hakuwa mtu wetu. Ni yule Singasinga wa Kaloleni. Alikuwa amezeeka kidogo, ndevu zimeingia mvi, na Jumapili moja alikuja Elerai kumtengenezea mchungaji mashine ya kusaga, akakaa nasi kusikiliza. Alikuwa na haki, baiskeli zilikuwa zake. Alisikiliza kwa makini mambo ya mnyororo na njiti za gurudumu, akacheka kwenye majani ya mgomba. Na ile "ni" ilipofika, watu wakaanza kusimama, yeye akabaki amekaa, akanyanyua mkono.

"Bwana Tarishi, baiskeli zilikuwa mbili. Ile ya mwenzako iko wapi?"

Wanawake waliinamisha nyuso. Mzee mmoja akanong'ona kwamba hawa watu wa duka hawana haya, baiskeli ya marehemu inaulizwaje mbele ya mtoto wake. Lakini Tarishi hakukasirika. Nakumbuka uso wake ulivyoinuka. Kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtu machoni muda mrefu.

"Nilimwachia," alisema.

"Ulimwachia nani?"

Mzee yule akaingilia, akamwambia Singasinga kwa upole kwamba kwetu mambo hayo hayaulizwi. Singasinga akaomba radhi, mikono imekutanishwa kifuani. Watu wakatawanyika. Tulielewa, wote tulielewa, kwamba aliilaza baiskeli pale alipomlaza mwenzake, kama wazee wa zamani walivyoacha mkuki. Tukaona ni jambo zuri. Tarishi alibaki amesimama katikati ya magogo, mdomo wazi kidogo, mpaka mkewe akaja kumpokea bakuli mkononi.

Hakusema uongo hata siku moja. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwa sababu mwongo ningejua pa kumshika. Alisema amebaki, na kweli alibaki. Alisema nilimwachia, na kweli alimwachia.

Mara ya mwisho nilipokaa naye, watu walikuwa wanazungumza habari za Uhuru kila mahali, na bendera ya Mwingereza bado ilikuwa inapepea bomani. Nilikuwa nafundisha Kimandolu, nimeolewa huko, na nilikuja Elerai kumtazama mama aliyekuwa na kifua. Nikaambiwa Tarishi miguu imemvimba, hatoki tena. Hadithi za Jumapili zilikuwa zimekwisha zamani. Vijana walikuwa wanakwenda kwenye mikutano ya siasa, na walioupenda msitu wake tulikuwa tumeshakuwa na watoto wetu.

Nilimkuta mchana, amekaa ndani karibu na mlango, blanketi magotini. Nilitambua ni lile la kwenye keria. Baiskeli ilikuwa imetundikwa ukutani kwa kamba, magurudumu hewani. Nikamwambia shikamoo Papa, nikainamisha kichwa akaniwekea mkono. Kisha, kwa kumchangamsha, nikamuuliza yeye.

"Upepo upo?"

"Kidogo," alisema.

Tukazungumza habari za shule. Aliniuliza watoto wangapi darasani wanajua kusoma ramani. Akaniuliza kama ninawaonyesha Kongo. Nikasema ninawaonyesha, na ninawaambia kwamba watu wawili wa Elerai walifika huko kwa baiskeli. Nilidhani nimempa zawadi.

"Na huyo wa pili unamwitaje?"

Nikasema ninamwita mwenzake Tarishi, ningemwita nani.

Aliitazama baiskeli pale ukutani. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba alimwacha anakula ndizi.

Sikuelewa. Nikamwomba arudie. Akarudia, ndizi ya kuchoma, mwenyeji alikuwa amempa kwenye jani, na alikuwa anaipuliza kwa sababu ya moto. Baba yangu. Alikuwa amejikata mguu kwa mnyororo, kidonda kikaoza kwa unyevu wa kule, mguu ukavimba asiweze kukanyaga. Tarishi alimpakia kwenye keria, akamfungia blanketi alikalie vizuri, akawa anasukuma baiskeli mbili, moja akienda nayo mbele kidogo, anairudia nyingine. Walifika kijiji kimoja baada ya ule mto mweusi. Watu wakawapokea vizuri, wakamtia dawa zao, mguu ukaanza kupungua. Lakini cheti chao cha njia kilikuwa kinakwisha, masika yalikuwa yanakuja, na Tarishi alikuwa amechoka na msitu. Aliuchoka mpaka akawa anaota vumbi la Elerai.

"Aliniambia niende," alisema. "Mdomo wake ulisema nenda. Uso ulisema kaa. Nikausikiliza mdomo."

Nikamuuliza baba alimtuma neno gani.

"Waambie nakuja. Mguu ukipona nakuja na baiskeli yangu."

Hakuna neno jingine. Kutoka mjini mpaka mashambani mwa masetla, mtu huyu hakuwahi kupoteza barua. Hili alilotumiwa mama yangu alikaa nalo miaka yote, umbali wa mwendo wa kwenda kuomba moto.

Nilimuuliza kwa nini. Sikuuliza kwa upole. Akasema kwamba mtu wa rika lako humwachi porini akiwa hai, na babu alipomtaka ataje jina, aliona akilitaja itabidi aseme na mengine: ni mzima, anakula, na mimi nimekuja bila yeye. Aibu ikamkaba. Babu akashusha fimbo. Alipopata sauti, watu walikuwa wameshalia, na mtu unaanzaje kuwaambia wanaolia kwamba wanyamaze? Akajipa siku chache. Mama akanyolewa. Siku ya kikao cha wazee alikuja mpaka kwenye uzio wetu, akamwona mama uwanjani na kichwa kinachong'aa kwa jua, akageuza baiskeli.

"Nilijua atakuja mwenyewe," alisema. "Kila siku nilijua. Ndiyo maana niliipenda kazi ile, nilikuwa njiani muda wote. Nilikuwa naangalia kila baiskeli inayotoka magharibi. Nilitaka aje anitoe aibu mbele za watu, nipigwe, yaishe."

Nikasema alikuwa na Jumapili zote hizo. Uwanja umejaa watu, na mama amekaa pale kwenye migomba.

"Nilikuwa nasimulia ili mniulize," alisema. "Mliniuliza siafu."

Nilimchukia hapo. Nilikuwa nimemshika mkono, sijui niliushika saa ngapi, na nilimchukia huku nimeushika, na sikuuachia. Nilifikiri habari za mama na migomba ile. Nilifikiri ndugu zangu wawili, ambao wasingezaliwa, na sikujua niweke wapi wazo hilo. Tarishi alikuwa analia kama siku ile ya mwanamke mjamzito, bila sauti.

Kisha akalitaja. Alilitaja taratibu, sehemu kwa sehemu, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umekufa ganzi.

"Lomayani."

Nilikuwa mwanamke mzima, mwalimu, mama wa watoto watatu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia baba yangu alikuwa anaitwa nani.

Tarishi hakumaliza masika ya mwaka ule. Nilikuwa miongoni mwa waliolia, na nililia kwa haki. Baadaye tuliulizia. Tuliwauliza madereva wa malori wanaokwenda Uganda, tukawauliza watu wa misheni, nikaandika barua nyingi. Kongo ilikuwa imeingia vurugu zake na hatukupata jibu. Sijui kama mguu ulipona. Sijui kama alianza safari, au alisikia kwa namna fulani kwamba ameliliwa na mkewe ameshapewa mwingine, akaamua kubaki kweli. Hayo sitayajua.

Lakini siku ile nilitoka kwa Tarishi nikatembea mpaka nyumbani. Ilikuwa alasiri, ukungu umeshuka umefunika mlima wote. Njiani niliapa sitasema. Mama alikuwa mgonjwa, baba mdogo yuko malishoni, nyumba imetulia, na neno lenyewe lilikuwa limechelewa miaka. Nilijiambia pia kwamba Tarishi naye alianza hivihivi, kwa kujipa siku chache.

Mama alikuwa amekaa uwanjani, ungo magotini, anachambua maharage. Kichwa chake kilikuwa kimefunikwa kanga ya zamani. Nikakaa kando yake. Nikatoa kokoto moja, nikaitupa.

"Yeyo," nikamwambia, "Lomayani..."

Sikuweza kuendelea, na haikuhitajika. Kwetu jina la marehemu halitajwi. Mama aliuacha ungo ukamwagika, akasimama kwa haraka ambayo sikujua bado anayo, akajifunga kanga vizuri kichwani kwa mikono miwili. Alikuwa anaangalia kwenye mwanya wa uzio.

"Amekuja?" akaniuliza.